Sasa Tunajua Ulikotoka, Atieno

Gatwekera, Kibera
Jumatatu, Agosti 2008

Atieno rafiki yangu,

Nimekaa kwenye cherehani tangu asubuhi na sijashona kitu. Kuna sketi ya shule hapa nimeshaikata, mwenyewe anaitaka leo, lakini akili haiko hapa tangu Jumamosi. Nimeamua nikuandikie. Majirani wakiona watasema Mwikali ameanza kuongea na wafu. Waseme tu. Habari hii ni yako kuliko ya mtu mwingine yeyote.

Wacha nianze na ya nyumbani, ya watoto wako. Vero yuko na mimi. Odhis alichukuliwa na mama mkwe wako baada ya mazishi, na wakipiga simu namsikia nyuma akifukuza kuku, kwa hivyo najua yuko mzima. Vero amekuwa mrefu. Amevaa zile blauzi zako mbili hadi zimeanza kumbana. Pale pako pa kukaangia samaki, kando ya reli, siku hizi kuna mtu anachoma mahindi. Reli yenyewe iling'olewa Januari wakati wa vita vya kura, ikarudishwa, na treni inapita tena kama hakuna kitu kilichotokea. Mimi bado nagonga ukuta nikikosa chumvi. Nagonga, kisha nakumbuka upande wa pili sasa anaishi kijana wa kutengeneza redio.

Na kuna jambo ambalo sikutaka ulijue. Nitakuambia kwa sababu bila hilo hutaelewa kilichonipata.

Wakati unakufa mimi nilikuwa Kitui. Nilienda Krismasi, matokeo ya kura yakatangazwa, barabara zikafungwa, nikakwama huko. Nilisikia kwa simu. Siku niliporudi Kibera nilikuta hadithi yako imeshatengenezwa ikakamilika: Atieno alipigwa risasi akipora. Ulikutwa umelala karibu na yale maduka yaliyovunjwa, pakiti ya unga iko kwapani. Hakuna aliyeuliza risasi imetoka wapi. Wote waliuliza unga umetoka wapi. Maduka yalikuwa yamefungwa siku nyingi, watu walikuwa wanalala njaa, na wewe una pakiti nzima, haijafunguliwa.

Mazishi yako kule kwa wakwe zako yalikuwa mafupi, Atieno. Watu walichimba, wakaimba wimbo mmoja, wakarudi. Hakuna mtu aliyesimama kukuongelea. Shemeji yako aliniambia pembeni, "Tungesema nini?" Na hapa mtaani, pale tunapoteka maji, Mama Brayo alimwambia Vero mbele ya watu, "Wewe tulia, mama yako tunajua alivyokufa." Tangu siku hiyo Vero akaanza kwenda kuteka kule mbali, karibu na shule.

Mimi nilikutetea. Nilisema Atieno si mwizi, Atieno alikuwa anamfuata mteja mpaka njiani kumrudishia chenji. Wakaniuliza, "Basi alikuwa ametoka wapi?" Nikakosa jibu. Alichojua Vero ni kwamba ulimwambia, "Funga mlango, narudi saa hii."

Sasa sikia.

Viongozi walipopatana, kanisa la kule Kawangware lilianza kukutanisha akina mama wa kwao na wa kwetu. Tunashona mifuko na kusuka vyondo. Mwanzoni tulikuwa tunakaa huku na kule kama watu wa bwana harusi na bibi harusi, katikati viti vitupu. Kidogo kidogo tukaanza kuazimana sindano. Mwezi huu padri akasema tumefanya kazi sana, tutoke wikendi moja kama watu wengine: Jumamosi tukule mjini, Jumapili baada ya misa twende makumbusho, maana yalikuwa yamefungwa yakitengenezwa na sasa yamefunguliwa. Miaka yote nimekaa Nairobi, Atieno, sikuwa nimewahi kuingia huko. Wewe je? Sidhani.

Hoteli tuliyoenda ilikuwa ya juu, ya kupanda ngazi, meza zina vitambaa vyeupe. Tulikaa tumenyooka kama tunapigwa picha. Mama mmoja aliuliza kama ugali iko, na kijana wa kuhudumu akasema iko, basi sote tukapumua. Nikaagiza samaki. Akaletwa hana kichwa. Kipande tu, kimelazwa kwenye sahani na ndimu juu. Nilikuona kabisa ukimrudisha jikoni, ukiuliza kichwa amekula nani.

Mbele yangu alikuwa amekaa Wanjiru. Ni mwembamba, anaongea chini chini, anakaa na kaka yake mwenye duka la hardware pale kituo cha 56, Kawangware. Tulikuwa tumeshona meza moja wiki nyingi na hatukuwa tumeulizana ya Januari. Hakuna mtu alikuwa anaulizana ya Januari. Lakini aliangalia samaki wangu, akatabasamu.

"Samaki nilikuwa nakula Kibera," akasema. "Kuna mama alikuwa anakaanga pale reli. Mimi niko hai sababu ya huyo mama."

Nikaacha kutafuna.

Alisema alikuwa amehamia Gatwekera mwezi mmoja tu kabla ya kura. Hakujua watu. Alikuwa akinunua samaki kwako, anakuita Mama Samaki, na wewe unamwita jirani. Vijana walipoanza kupita mlango kwa mlango wakiuliza vitambulisho, wakitafuta Wakikuyu kama yeye, alijifungia ndani na blanketi na pakiti ya unga aliyonunua kabla maduka hayajafungwa. Ndipo ukabisha. Ukamwambia, "Jirani, wewe ni wa kutoka saa hii, si kesho." Ukavua leso yako, ukamfunga kuanzia kidevuni hadi juu ya kichwa kama mtu mwenye jino bovu, ukamwambia asifungue mdomo hata akikanyagwa.

Mlikutana na vijana mara mbili. Mara ya pili wakawasimamisha. Ukawaambia kwa Kijaluo, kisha kwa Kiswahili ili na yeye asikie, kwamba huyu ni nyieka, mke mwenza wako, ametoka nyumbani juzi, jino limemmaliza, unampeleka kwa daktari. "Ama nyinyi ndio mtaling'oa?" Wakacheka, wakawapisha. Yeye akawa anajikokota, na wewe ukambana kiwiko ukamwambia kwa sikio, "Tembea kama mwenye plot!"

Uma ulinianguka, Atieno. Ulianguka kwenye sahani ukapiga kelele, watu wa meza ya pili wakageuka. Ni nani mwingine Nairobi hii anasema hivyo? Ni wewe uliniambia hivyo hivyo nilipokuwa mgeni kutoka Kitui, naogopa kupita mbele ya wale vijana wa stage ya matatu. Tembea kama mwenye plot, kama nyumba zote hizi unazikodisha wewe.

Wanjiru hakuona. Aliendelea. Mlipofika Ngong Road mlikuta watu wengi na magodoro wakielekea uwanja wa maonyesho kule Jamhuri. Akakuomba mwende wote. Ukasema umewafungia watoto ndani. Hakuwa na kitu cha kukushukuru. Akakupa unga, ukakataa, akakusukumia kwapani kwa nguvu, akasema, "Wapikie watoto."

"Akageuka akaenda," Wanjiru akasema. "Hata jina lake sijui. Nyinyi wa Kibera, hakuna anayemjua? Natamani tu siku moja nimpate."

Wenzangu wa Kibera wakaniangalia, maana mimi ndiye wa Gatwekera. Nikasimama nikauliza choo kiko wapi.

Nilikaa humo ndani nimeshika sinki. Sikulia. Nilikuwa nimeshangaa kupita kulia. Miezi yote hiyo nimekutetea kama mtu anayepigana gizani, na kumbe jibu lilikuwa linakaa mbele yangu, linaniazima uzi. Na yule mama pale nje alikuwa na furaha, anakula, anadhani uko mahali unakaanga samaki. Nitamwambiaje kwamba uliuawa ukirudi kutoka kumsindikiza? Nitamwambiaje kwamba zawadi yake ndiyo iliyokufanya uitwe mwizi? Niliporudi mezani walikuwa wameshaanza kuongea mambo ya watoto. Nikanyamaza. Jioni nilimwangalia Vero akisoma, nikanyamaza tena. Nilitaka aisikie kwa mdomo wa aliyekuwepo, si kwa wangu.

Jumapili tukaenda makumbusho. Nje kuna ndovu mkubwa wa kutengenezwa, akina mama wakapigwa picha chini ya pembe zake. Ndani kuna ndege wengi wamekaushwa, wamepangwa nyuma ya vioo, wanakuangalia tu. Mimi nilikuwa napita kama mtu anayetembea usingizini. Tulifika kwenye chumba cha mafuvu ya watu wa zamani sana. Kijana wa kutuongoza akatueleza kwamba hawa ndio mababu wa watu wote duniani. Halafu mama mmoja wa Kawangware akauliza, "Na huyu alikuwa kabila gani?"

Tulicheka sote, Atieno. Tulicheka mpaka mlinzi akatuambia tupunguze. Kilikuwa kicheko kibaya, cha watu walioumia, lakini tulikihitaji. Wanjiru alikuwa anajipangusa macho. Akanishika bega akasema, "Yule mama wangu wa samaki angecheka hii."

Hapo nikashindwa.

Nikamvuta pembeni. Nikamwambia anaitwa Atieno. Nikamwambia wewe ni jirani yangu, ukuta mmoja, kwamba ni mimi nakaa na binti yako. Uso wake ukafunguka, akauliza, "Yuko wapi?" Na mimi nikamwambia yote. Risasi. Pale ulipoanguka. Nilitaka kuuruka unga lakini sikuweza, kwa sababu Vero anaubeba huo unga kila siku.

Alikaa chini. Pale pale sakafuni, mbele ya vioo, akavua viatu akaviweka kando kama mtu aliyefika matangani. Aliuliza mara mbili, "Unga wangu?" Padri alikuja, nikamwashiria atuache. Alikaa hivyo mpaka kundi likaenda chumba kingine. Halafu akavaa viatu, akasema, "Nipeleke kwa huyo mtoto."

Hakuwa amekanyaga Kibera tangu siku ile. Tulipofika kwenye reli akasimama, akawa hawezi kuvuka. Akanishika mkono kama mtoto. Tukavuka.

Vero alikuwa nje anafua soksi. Nikamwambia huyu ni Wanjiru, ana kitu cha kukuambia kuhusu mama. Wanjiru akachuchumaa mbele ya karai, akamwambia vile alivyotuambia sisi hotelini, lakini sasa kwa shida, anasimama, anaanza tena. Leso. Jino. Nyieka. Unga. Vero alisikiliza mikono ikiwa bado ndani ya maji. Mwisho akauliza, "Alikuwa anaogopa?"

"Mimi ndiye nilikuwa naogopa," Wanjiru akasema. "Mama yako alikuwa amekasirika nami sababu natembea pole pole."

Vero akacheka, Atieno. Alicheka kwa sauti yako. Kisha kicheko kikageuka, akalia kama hakulia hata siku ya mazishi, ameinamia karai, na sisi wawili tumemshika kila mmoja upande wake.

Nilidhani imeisha. Lakini alipangusa mikono kwenye sketi, akamshika Wanjiru mkono, akasema, "Kuja uwaambie."

Akampeleka pale kwenye maji. Wewe unajua pale Jumapili jioni, foleni na mitungi mpaka kwenye mtaro. Mama Brayo alikuwepo. Vero akasimama katikati, akasema, "Sema tena. Sema kwa nguvu." Na Wanjiru, anayeongea chini chini siku zote, alitaja jina lake lote, lake na la baba yake, katikati ya Gatwekera, jina ambalo Januari lingemuua. Akasema yote. Watu wakazima mfereji ili wasikie.

Alipomaliza, Mama Brayo akaangalia mtungi wake. "Sisi tuliona unga tu," akasema.

"Sasa mmesikia," Vero akamjibu. Akarudi nyumbani akachukua mtungi wetu, akaja akapanga foleni.

Atieno, na mimi nimekukasirikia. Ungeenda nao Jamhuri ungekuwa hai. Ungerudi kwa njia ya juu, usipite kwa maduka. Najua ni watoto. Najua. Lakini nakaa hapa na cherehani na bado nashindwa kuamini kwamba mtu niliyemgongea ukuta kila siku, niliyejua hata kikohozi chake, alikuwa na kitu kikubwa hivyo ndani yake na hakuwahi kukitaja. Nilidhani nakujua. Nilikuwa najua nusu.

Shule zikifungwa Desemba tutakuja nyumbani kwako, mimi na Vero, na Wanjiru. Ameomba mwenyewe. Anaogopa safari hiyo, na mimi namwogopea, lakini amesema atakuja. Tutamwambia mama mkwe wako, tutamwambia shemeji yako, tutawaita wale wote walioimba wimbo mmoja wakarudi. Tutasimama pale ulipolala na kukuongelea jinsi mtu anavyostahili kuongelewa. Nakuahidi hilo, na nakuahidi Vero hatatoka mikononi mwangu mpaka aweze kusimama mwenyewe.

Lala sasa, rafiki yangu. Lala kabisa. Hiyo siku mimi nitaongea, na Wanjiru ataongea, lakini si kwanza. Vero amesema wa kwanza ni yeye.

Jirani yako,
Mwikali