Ufunguo wa sanduku la zabuni

Shoga, acha unachofanya unisikilize.

Leo tulikuwa tunafungua zabuni za dawa za hospitali. Ufunguo wa sanduku ninao mimi peke yangu, nalala nao shingoni. Nikauchomeka mbele ya wazabuni wote. Haukuingia! Kufuli si lile nililofunga jana.

Nikatania, "Jamani, ufunguo umenenepa."

Hakuna aliyecheka. Bosi akatoa ufunguo mfukoni mwake. Mfukoni mwake, shoga! Kufuli likafunguka bila kelele.

Akaniinamia sikioni: "Dada, andika kwenye kumbukumbu kwamba limefunguliwa kwa ufunguo wako."

Nikaandika. Nikasaini, mpumbavu mimi.

Sasa hivi mkaguzi yuko mlangoni kwangu. Kufuli lile la leo analo mkononi, anataka nilifungue mbele yake kwa ufunguo wangu.