Oili Kama Chai ya Maziwa

Jumapili, 3 Machi
Kama kila Jumapili, baba mkwe kafungua boneti na kuniita. Yeye ndiye aliyenifundisha: oili mpya ni kama asali, iliyochoka ni nyeusi, na ukiiona kama chai ya maziwa usiwashe gari – maji yameingia kwenye injini.

Kachomoa kijiti cha kupimia oili, kakitazama juani, kakifuta. Nyeusi kidogo, akasema, tutafika nayo mwisho wa mwezi.

Kwenye kitambaa niliona chai ya maziwa. Kabisa!

Nikasema: Baba, mbona kama ina maji? Akapaka kidogo vidoleni, akasugua, akanusa. “Ee. Nilikuwa nakupima tu, mwanangu.”

Akacheka. Na mimi nikacheka, kwa mdomo.

Jumatatu, 4 Machi
Gari limevutwa hadi gereji. Gasketi ya injini imeungua, ndiyo iliyopitisha maji. Fundi akamtania: “Mzee, umelinywesha gari maziwa?” Baba mkwe akacheka kuliko wote. Mtu aliyezeeka akiendesha teksi!

Pembeni fundi kaniambia tatizo halikuanza jana. Jumapili iliyotangulia hii ya jana nilikuwa nafua; mzee aliangalia oili peke yake. Akasema ni safi.

Jumanne, 5 Machi
Nimempeleka binti yangu shule kwa miguu. Kila siku hupelekwa na babu yake kwa gari. Tulipofika kwenye taa za barabarani akapiga kelele: “Nyekundu!” Kisha akanikodolea macho.

Nini? nikauliza.

“Mama, mbona huniulizi rangi? Babu huniuliza kila siku. Na sijawahi kukosea!”

Taa ikawa kijani. Watu wakavuka. Mimi nimemshika mkono tu, sijavuka.

Alhamisi, 7 Machi
Nimempigia mume wangu, huko aliko kikazi. Kwanza: baba asiguse usukani! Halafu: lakini usimwambie, atavunjika moyo. Halafu: au mwambie wewe, wewe anakusikiliza. Haya! Mkwe ndiye akamwambie mzee haoni.

Jioni, nikimtengea chakula, nimemtaja daktari wa macho, kwa kuzungukazunguka. Macho yangu mazima, akasema, vioo vya magari siku hizi ndivyo vibovu.

Nikasema basi nitaendelea kutembea na mtoto, nanyoosha miguu. Akanionea huruma. “Vumilia, mwanangu. Jumatatu hamtembei tena.”

Afadhali angenifokea.

Jumapili, 10 Machi
Gari lilirudi jana. Tangu asubuhi analipangusa, hadi vishikio vya milango. Kesho shule.

Kaniita kwenye oili. Safari hii hakuchomoa kijiti. Kanipa kitambaa: chomoa wewe.

Nimechomoa. Asali. Safi hadi alama za chuma zinaonekana chini yake.

Hajawahi kuniuliza, miaka yote hii. Leo kauliza, taratibu, uso kaelekeza pembeni yangu kidogo, mahali ambapo sipo:

“Rangi gani, mwanangu?”

Mtoto alikuwa kwenye kiti cha mbele, anajichezea mchezo wake wa taa. Kijani, kijani, nyekundu.

Nimesema: Baba, mikono yangu imejaa oili, ngoja ninawe. Nimenawa. Nimekausha. Naandika haya hapa mezani, na dirishani namwona – boneti wazi, funguo mkononi, hajasogea. Ananisubiri nimwambie.