Ngazi Niliyoiachia Karonga

Baba Tusekile, mume wangu,

Pokea salamu zangu kutoka ng'ambo ya mto Songwe. Nauliza afya yako, mguu wa Tusekile kama umepona, na kikohozi cha baba mkwe kwa baridi hiyo ya Mpuguso. Hao wanunuzi wapya wa kahawa wasikuharakishe. Mimi mwili ni mzima, moyo ndio haujatulia. Barua hii isome peke yako kwanza.

Safari yetu ya kanisa ilianza vizuri. Watu wa Karonga lugha yao ni kama yetu, tunaelewana. Tangu serikali yao ifute karo watoto wamefurika, darasa la kwanza wanasomea nje, mvua ikija wanatawanyika kama vifaranga. Sisi wanawake tunabeba maji na matofali, wanaume wanajenga. Darasa moja limefika kwenye linta, juu ya madirisha.

Alhamisi nilipewa kazi ya kushika ngazi, maana chini palikuwa na tope na ilikuwa inateleza. Juu alipanda fundi mmoja wa hapa, mzee mwenye utani mwingi, akawa anamuuliza kila mtu katoka wapi na ni wa nyumba ya nani. Mama mchungaji akanijibia, akataja jina la baba. Mzee akaacha kazi. Akasema polepole, "Basi huyu ni mkamwana wangu."

Baba Tusekile, ni yeye. Mdogo wake baba, aliyevuka kuja kuoa huku kabla wewe hujazaliwa. Jina lake siandiki, naye ni mkwe, hatajwi wala haonwi.

Unanijua. Miaka kumi na minne nimeolewa kwenu sijamwona baba uso; nikisikia anakuja, napita nyuma ya migomba. Mikono ikafanya ilichozoea. Niliachia ngazi, nikavuta kanga usoni, nikageuka. Nilimsikia akianguka, sikumwona.

Nyonga imevunjika. Mkewe alishafariki, wanawe wako migodini Afrika Kusini, na hospitali ya huku ni kama ya kwetu, mgonjwa analishwa na nduguye. Wenzangu walimpelekea uji, akaurudisha, akasema ndugu anaye. Nikaenda. Nikasimama nje ya dirisha, nimempa mgongo, nalia tu. Akaniita.

"Mwanangu, huo mgongo ndio ulioniangusha. Sasa nipe uso."

Mchungaji anasema mila hiyo haimo kwenye Maandiko, lakini yeye haishi na baba, ninayeishi naye ni mimi. Nilisimama pale mpaka uji ukapoa. Kisha nikageuka. Ana masikio yako. Siku ya tano hii namlisha kwa mkono wangu, na sijui kama nimefanya kosa la pili au nimelipa la kwanza. Naogopa, mume wangu.

Jana aliniuliza kaka yake amezeeka vipi, kama nywele zote zimekuwa nyeupe, kama meno yapo. Nikamwambia sijui. Najua baba anavyokohoa, najua hatua zake, najua ndizi anazipenda ziiveje. Uso siujui. Mzee akasema kwa nyonga hii Songwe hataivuka tena. "Kanitazamie wewe," akasema. "Uniletee habari."

Basi mwambie baba yote, usinipunguzie. Kama kuna la kufanywa mbele ya wazee, nitalifanya. Akisema nisikanyage kwake, nitashukia Kyimo kwa mama yangu, wala sitamlaumu.

Msalimie Tusekile, asipande miti na mguu huo. Wifi yangu anayewapikia, mwambie ndaga fijo, asante sana. Mama mkwe nimemwekea mchele wa huku. Na wanakwaya wenzangu wote, waniombee.

Barua nimempa mzee wa kanisa anayevuka mpaka pale Kasumulu leo. Jibu mpe huyo huyo, anarudi huku Jumatano. Sisi tunaondoka Jumamosi. Nataka kujua jambo moja tu kabla sijafika nyumbani: nije kwa nyuma ya migomba kama siku zote, au nipite mbele, uwanjani, pale anapokaa baba?

Ni mimi mkeo,
Mama Tusekile