Alama za Penseli

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeketi, ingawa nakujua hukai. Magoti yanasemaje? Na kikohozi cha shemeji kimepungua, au bado anasingizia vumbi? Sisi huku wazima, watoto wanakua na viatu haviwatoshi. Langu ni moja tu: nina hasira, na nimekaa nayo siku tisa, tangu nilipoisoma barua yako.

Umeniandikia kwamba nyongeza ya mshahara imekupita tena, mwaka wa nne mfululizo, na kwamba fomu ya tathmini imerudi kituoni imeandikwa "wastani". Wewe, uliyezalisha nusu ya wilaya hiyo, wastani. Ukasema mchawi wako unamjua, ni yule mama muuguzi mkuu anayejaza fomu zenu, na huu mwaka wa tatu mnapokezana zamu bila salamu. Ukaniuliza, kwa kuwa mimi ni karani wa masijala makao makuu, mambo haya huamuliwaje hasa. Nitakueleza.

Mikutanoni mkubwa wetu husimama akasema nyongeza hufuata jasho. Uongo mtupu. Kabla hajapimwa mtu yeyote, waraka hushuka kutoka juu ukisema katika kila kituo wanaopata "vizuri sana" wasizidi mmoja kati ya watano. Kituo kikiwa na wavivu watano, mmoja wao atapanda. Kikiwa na watano wanaojiua kwa kazi, wanne watashushwa. Ndiyo maana wakuu wa vituo huagizwa waandike alama kwa penseli. Wao hudhani ni kwa ajili ya kurekebisha makosa. Fomu zikifika kwetu, chumba namba saba, dirisha lisilofunguka, mkubwa hukoroga chai yake huku akitaja nani ashuke. Alama hufutwa, huandikwa upya kwa wino, hugongwa muhuri. Tukimaliza tunapuliza vumbi la kifutio mezani. Mtu amesimama wodini mwaka mzima, anapulizwa kama makombo ya mkate.

Kuna mmoja wetu anayejua kufuta bila kuchubua karatasi. Ofisini humwita Mkono Mwepesi, na humwita hivyo kwa kumsifu.

Dada, Mkono Mwepesi ni mimi.

Mwaka ule wa kwanza nilikuwa bado kibarua wa miezi mitatu mitatu. Fomu yako ilikuja na alama za juu kabisa. Mkubwa akasema kituo chenu kimezidi kwa mmoja, na kwa kuwa wewe ni dada yangu, tukikuacha watu watasema tunapendeleana, lakini tukikushusha kila mtu ataona ofisi hii ni safi. Akaongeza kwamba barua yangu ya ajira ya kudumu iko kwenye droo yake, inasubiri sahihi tu. Nikafuta. Mwezi uliofuata nikaajiriwa, nawe ukaniletea shati jipya la kazini. Miaka iliyofuata hakuhitaji kuniambia tena. Mimi mwenyewe nilianza na wewe, kwa sababu nilijua hutapiga kelele.

Nimemtukana mkubwa moyoni miaka yote hii, na aliyeandika waraka nimemtukana pia. Lakini mkono haukuwa wao. Muuguzi mkuu hajakukosea hata siku moja. Kila mwaka amekupa alama za juu, na mwaka huu, pamoja na kwamba hamsemezani, aliandika pembeni kuwa hajapata kufanya kazi na mkunga kama wewe. Maneno hayo nayo niliyafuta.

Mwakani unastaafu, na pensheni itafuata mshahara wako wa mwisho. Rufaa zinapokelewa hadi mwisho wa mwezi huu, na zinataka shahidi. Shahidi wako ndiye mimi. Kazi itakwenda, hilo najua. Mke wangu nimemwambia jana. Nakuomba usinisamehe haraka kwa sababu ya undugu. Kwanza nenda ukamsalimie yule mama.

Nisalimie shemeji, na wanao mmoja mmoja. Barua hii nimeiandika kwa wino, na kila ukurasa nimeutia sahihi. Ipeleke.

Mdogo wako,
karani wa masijala, chumba namba saba