Ngazi ya Mwisho ya Mchukuzi

Jumatatu, 18 Safar (4 Septemba 2023)

Wamenikalisha tena mbele ya kompyuta. Mwanangu Panji anasema hajapata mjaribu bora kuliko mimi: sijawahi kugusa mchezo wa video maishani mwangu, basi macho yangu bado hayajazoea. Sharti lao ni moja, nao hulishika kama walio katika swala. Mjaribu akicheza, waundaji hukaa nyuma yake wala hawasemi neno. Akikosea, kimya. Akiuliza, kimya. Wening, binti anayechora picha zote za mchezo, hujiziba mdomo kwa ncha ya mtandio.

Mchezo wenyewe ni wa mchukuzi wa kiberiti, ile salfa ya manjano. Hupanda kutoka ndani ya shimo la volkeno, mzega begani, vikapu viwili vikiyumba. Ukipoteza mizani — chini! Unaanza tena kulekule penye moshi. Leo walinipa ngazi ya mianzi, kipande cha mwisho. Nilianguka mara moja, kisha nikapita.

Wening alirukaruka, yeye amwitaye mwanangu Mas, kaka, na mimi Bu Nyai, mama mwalimu. "Mas Panji, umeona? Bu Nyai kapita! Nani tena atalalamika?"

Panji alinitazama kama mtu aliyetuliwa mzigo. Nimefurahi kwa ajili yake. Hata hivyo kuna jambo linanisumbua moyoni, na sijalijua ni lipi.

Jumatano, 20 Safar (6 Septemba)

Nimelijua.

Nilikuwa nawapelekea tempe, soya ya kukaanga, nikawasikia kabla sijaingia. Wening aliuliza kama haingefaa wapunguze upepo pale kwenye ngazi, kwa kuwa rafiki zao wa chuoni waliojaribu walikata tamaa. Panji akacheka. "Wale wanacheza huku wanachati. Ibu wangu kapita mara ya pili, bibi mzima wa kusomesha Kurani! Ngazi inabaki kama ilivyo."

Nikaiweka sahani. Nikarudi jikoni.

Kila asubuhi, baada ya swala ya Dhuha, wao wakiwa bado wamelala, mimi hukaa penye kompyuta nikajizoeza. Si kwa kuiba — Panji mwenyewe aliniambia, "Cheza wakati wowote, Bu." Nimeipanda ngazi ile hata vidole vimejua upepo utatokea wapi. Kule madrasani nilikolelewa, na ambako nilikuja kusomesha, hapana mwanafunzi aliyethubutu kukaa mbele ya mwalimu kabla hajaipitia sehemu yake peke yake. Kwenda bila kujiandaa ni kumdharau mwalimu. Nilidhani na hapa ni vivyo hivyo. Nilidhani ndiyo adabu!

Kumbe walichokitaka kwangu ni ujinga. Nami kila asubuhi nilikuwa naupunguza.

Alhamisi, 21 Safar (7 Septemba)

Nilikusudia kumwambia wakati wa chai. Akanitangulia yeye. Jumanne ijayo sehemu ya mchezo itafunguliwa kwa watu wote waijaribu. Kampuni ya Singapore inayofikiria kuwashika mkono itatazama jambo moja tu: watu wanabaki, au wanaondoka. Wakiondoka, Panji atakifunga chumba hiki wanachofanyia kazi na kwenda Jakarta kutengeneza matangazo ya sabuni katika ofisi ya binamu yake. Wening atarudi kwao Wonosobo.

"Lakini sina wasiwasi," akasema, akinimiminia chai. "Wewe umepita."

Nikanywa. Kisha nikaviosha vikombe.

Baada ya Maghrib nilimsomea Yasini marehemu baba yake. Nikapotea katika aya niliyoihifadhi utotoni. Nikarudi mwanzo. Nikapotea tena palepale.

Jumamosi, 23 Safar (9 Septemba)

Nimemwambia.

"Panji, ile ngazi — mimi najizoeza."

"Unajizoeza vipi, Bu?"

"Asubuhi. Mkilala."

Kwanza alitabasamu. "Tangu lini?"

"Tangu uliponiruhusu."

Wening akapiga paja. "Ya Allah, Bu Nyai! Kumbe tunafuga bingwa humu ndani!" Akacheka peke yake, kisha akamtazama Panji, akaacha.

Panji akaniuliza taratibu kama na vipande vya nyuma pia nilijizoeza. Nikasema vyote. Akaegemea kiti, akafunga macho.

"Ibu, kila kitu tumekipima kwako. Mimi na Wening tumekaa ndani ya shimo lile mpaka hatujui tena kigumu ni kipi. Naipanda ngazi ile huku nakula tambi. Sikuwa na macho mengine ila yako."

Nikamwomba radhi. Akasema hapana kosa. Akanishika mkono kuubusu na kuugusisha paji la uso, kama anavyofanya kila anapotoka — lakini paji lake halikunigusa. Hakuwa na hasira. Ingekuwa hasira ningejua la kufanya. Ni hofu, nami ndiye niliyemtia.

Jumapili, 24 Safar (10 Septemba)

Wamebishana tangu asubuhi. Wening anataka apewe mchukuzi mahali pa kupumzika katikati ya ngazi.

"Ukimpa pa kupumzika," Panji akasema, "huo si mlima tena. Ni ngazi ya hoteli."

"Na usipompa, Mas, hatabaki mtu wa kuuona huo mlima wako. Utaupanda peke yako, na tambi zako."

Mwishowe Panji akanigeukia. Ni mara ya kwanza kuniuliza: nilihisi nini nilipoanguka siku zile za mwanzo kabisa?

Nikajibu kadiri nilivyokumbuka. Hasira. Kisha, mara nyingi, kuanguka kwenyewe kulinionyesha mguu niliouweka vibaya, nikatamani kurudi. Isipokuwa pale juu. Pale upepo hutoka bila dalili yoyote. Pale sikufahamu kitu, nilikariri tu.

"Ulikariri," akarudia.

Hakusema kama nimemsaidia au nimemuumiza. Baadaye akasema anahitaji mtu mmoja, kesho, ambaye hajaugusa mchezo huu wala mwingine wowote. Nikamtaja Bu Tinuk, jirani yetu anayeuza gudeg, fenesi lililopikwa kwa tui, kwenye mdomo wa kichochoro. Safari hii Panji mwenyewe alikwenda kumwita, akamsihi asijiandae kwa lolote.

"Nijiandae na nini?" nikamsikia akiuliza. "Unaniposa?"

Jumatatu, 25 Safar (11 Septemba)

Bu Tinuk alikuja baada ya kumaliza kuuza. Akaishika pedi ya kuchezea juu chini.

"Mbona mmekaa nyuma yangu kimya? Nimekufa?"

Kimya.

Akaanguka. "Hee! Nani kanisukuma?" Akaanguka tena. Akaanza kumgombeza mchukuzi kama anavyowagombeza wanawe: "Mguu, we! Mguu! Umelewa?" Wening alikuwa akitetemeka kwa kicheko ndani ya mtandio. Bu Tinuk alipopanda kipande cha kwanza akageuka kututazama, akitaka sifa. Hatukumpa. Nilijisikia vibaya sana.

Karibu na Adhuhuri akafika kwenye ngazi. Upepo. Chini. Akapanda tena, jasho likimtoka puani. Upepo. Chini. Mara ya tatu hakupiga kelele. Hilo ndilo lililonitisha.

Akaiweka pedi mezani.

"Aliyetunga hiki hakunyonya kwa mama yake." Kisha akanitazama usoni. "Bu Nyai, hapa wewe ulipita?"

Nikauma mdomo. Sharti ni sharti. Yeye ameona ni majivuno, nimesoma usoni mwake.

"Haya," akasema. Akainuka. Ameacha tui la nazi jikoni, anakwenda kuliepua. Hakusema atarudi. Hakusema hatarudi.

Naandika nikiwa hapahapa, kwenye kiti cha nyuma, kwa kuwa siuamini mdomo wangu. Wening ananong'ona, "Punguza upepo, Mas. Punguza sasa hivi. Kesho ndiyo kesho."

"Subiri. Labda atarudi mwenyewe."

"Tusubiri nini? Kaondoka!"

Mkono wa Panji uko juu ya vitufe lakini haushuki. Kuliepua tui si kazi ya muda mrefu, na kichochoro chetu ni kifupi. Kwenye skrini mchukuzi amesimama chini ya ngazi, anahema.

Adhana imekwisha nami bado sijatawadha. Mola anisamehe. Dakika moja tu.

Lango la ua limelia. Wening amenishika kifundo cha mkono, hata kalamu inapinda. Nyayo zinakuja — zimesimama uani, hazijafika mlangoni —