Kivinjari Ulichoniwekea

Nyamugari, Gitega
6 Januari 2025

Kaka Abubakari,

Asalaam aleikum. Natumaini Mama hajambo na magoti yamempa nafuu. Sisi tu wazima wa mwili, basi.

Nakuandikia kwa karatasi, na nimempa dereva wa basi mkononi, kwa sababu simu yangu siiamini tena, na aliyeiharibu ni wewe. Ijumaa, kutoka akaunti yangu ya Facebook, picha za wanawake uchi zilikwenda kwa kila mtu ninayefahamiana naye. Zilimfikia hata Mzee Mahmudu huko kwenu Muyinga, aliyekuwa anangoja Idi ipite mwanawe amuoe Layla wangu. Jumapili wakavunja posa. Wamesema mama wa namna hiyo hawezi kulea binti.

Jirani yangu Upendo, aliyekulia Tanzania, anafundisha kompyuta shuleni. Alipoishika simu aliuliza: "Hiki kivinjari cha Umeme umekipata wapi?" Nikamwambia kaka yangu fundi simu alituhamishia kutoka kadi yake ya memori siku ya arusi ya binamu yetu Pili, mimi na nusu ya wageni, kama anagawa tende. Akasema hakikutoka duka rasmi la simu, hakijasasishwa tangu siku ile, na kimepewa ruhusa ya kusoma hata ujumbe wangu. Nywila zangu zote kilizihifadhi, na mwizi kazichukulia humo.

Nenda kwa Mzee Mahmudu ukaseme ulichofanya. Sitaki kingine.

Dada yako,
Riziki


Muyinga
12 Januari 2025

Mdogo wangu Riziki,

Waaleikum salaam. Mama mzima, magoti ni yale yale.

Bon, nakujibu kwa karatasi maana WhatsApp umenifungia. Dereva alicheka, alidhani naletewa barua ya posa.

Soko zima la Muyinga liko na Umeme. Unafungua upesi, unakula mega kidogo, hauna matangazo. Anayelia ni we peke yako. Sasa mi nakuuliza: ulikuwa unatafuta nini huko? Picha za namna hiyo hazimfuati mtu asiyezitafuta. Mjane, simu mkononi kutwa nzima, halafu kosa ni la fundi!

Nikienda kwa Mahmudu kusema simu ninazotengeneza zinaibia watu, kesho nani ataniletea yake? Huyo Upendo mwambie afundishe watoto, ufundi atuachie wenyewe.

Kaka yako,
Abubakari


Nyamugari, Gitega
19 Januari 2025

Kaka,

Asalaam aleikum. Msalimie Mama.

Umeniuliza nilikuwa natafuta nini. Nilikuwa natafuta mishono ya nguo ya arusi ya Layla. Sasa haendi hata sokoni. Wasichana wa mtaani wanamwonyesha simu zao wanacheka.

Umeme umetoka. Upendo kaniwekea kivinjari cha duka rasmi, kinachojisasisha. Nywila tulizibadilisha kwa simu yake, na mtu akitaka kuingia sharti aweke pia namba inayotumwa kwangu. Kazi yote haikuzidi muda wa kusonga ugali. Wewe fundi wa miaka tisa hukujua hayo? Ulijua, hukujali.

Simu ya Mama nayo umeiwekea. Uutoe humo. Sitakuandikia tena mpaka uende kwa Mahmudu.

Riziki


Muyinga
26 Februari 2025

Mdogo wangu,

Asalaam aleikum. Mama mzima wa mwili, ila hasemi na mi.

Wiki iliyopita picha zile zile zilitoka kwenye akaunti yangu. Zilimfikia Mama akiwa amekaa na wanawake wenzake. Aliifunika simu mkekani, akangoja waondoke, akaniita. "Abubakari, ulikuwa unatafuta nini huko?" Nikasema sikutafuta kitu. Akasema ndivyo wanavyosema wote.

Jana nilikwenda kwa Mahmudu. Mbele ya ndugu zake nilisema Umeme niliuweka mi, Riziki hana kosa. Mzee akatoa simu yake mfukoni akanisukumia. Na yake iko nao, nilimwekea mi mwenyewe. Nikautoa pale pale. Wanakuja kwenu Ijumaa kuposa upya.

Mlangoni nimebandika karatasi: niliyemwekea Umeme aje niutoe bure. Wamekuja kumi na mmoja. Mmoja alinitemea mate. Tangu hapo hakuna aliyeleta simu kutengenezwa. Furahi basi, ulichotaka umekipata.

Kaka yako,
Abubakari


Nyamugari, Gitega
8 Machi 2025

Abubakari,

Asalaam aleikum, na Ramadhani njema. Mwambie Mama nitakuja kumwona kabla ya Idi.

Walikuja. Waliongea maneno mazuri sana, Mzee Mahmudu mwenyewe aliomba radhi mara tatu. Layla akatoka chumbani, akawasalimu kwa adabu, akasema: "Mama yangu mnamjua miaka kumi. Picha mlizijua siku moja, na mkaamini picha. Mi sitaki kuolewa kwenu." Wote wakanitazama nimkaripie. Sikumkaripia. Walipoondoka nililia, maana nguo nimeshaimaliza na imetundikwa hapa mbele yangu.

Ulikwenda, na kwa hilo nakushukuru. Kazi yako imeharibika, na sijafurahi kama unavyodhani. Lakini barua yako nimeisoma mara mbili nikitafuta mahali pamoja, na sikupaona. Mahmudu ni mtu baki. Wewe tumelala mkeka mmoja tangu utoto, na uliamini upesi kuliko yeye.

Kwake ulisema sina kosa. Mimi hujaniambia.

Mama Layla