Mto Uliowahama Wavizemba

Jumanne, 12 Agosti

Nimefungua duka. Umeme hakuna. Wateja wa fotokopi wamekuja, wameitazama mashine, wamenitazama mimi kana kwamba nimeukata kwa mkono wangu, wameondoka. Nikatoa ramani.

Leo zamu ya Milima ya Tengwa. Nimeongeza ukungu upande wa mashariki. Mvua ya Ulenge inatoka baharini, inagonga milima, inamwagika huku. Magharibi ya milima inabaki Nyika ya Saruwe, kavu, nchi ya asali na misafara. Sikupendelea mtu. Upepo ndio umeamua.

Mama kapiga simu kutoka nyumbani Visiga mchana, kama vile hatulali nyumba moja. Kauliza tena kama bado nachora nchi isiyokuwepo. Nimemweleza tena. Ni mchezo wa mezani. Watu wanakaa, kila mmoja anakuwa mtu wa eneo fulani la bara la Ulenge, wanasafiri kwa maneno, dadu zinaamua nani kavuka mto na nani kachukuliwa na maji. Maganga ametunga sheria. Mimi nimetunga ardhi. Wiki ijayo kitabu kinakwenda kwa mchapaji Dar. Mama kasikiliza mpaka mwisho, kisha kauliza nitaolewa lini. Nimesema mtandao unasumbua.

Alhamisi, 14 Agosti

Maganga kaleta nakala ya mwisho niipitie. Kaiweka mezani, kakimbilia kwenye kibanda chake cha kutengeneza kompyuta, mlango wa tatu kutoka kwangu. Alikuwa anatabasamu. Ilibidi nishtuke pale pale.

Nimeanza na Vizemba. Siku zote naanza na Vizemba.

Kaharibu!

Mimi niliandika vilima vifupi, udongo mwekundu, mikorosho, visima vyenye majina, vijia ambavyo kila kimoja kinajua kinakwenda kwa nani. Yote yapo. Ila chini yake kaongeza haya, na nayanakili ili hasira isinipoe: "Wavizemba huamka jua likishawachoma. Msimu wa kulima huwa kwenye ngoma. Binti mmoja akivunja ungo, huuza shamba la urithi wamcheze mwali, halafu huenda kwa jirani kuomba mihogo. Hata Mto Luhiri uliwachoka, ukahama."

Na mto kauhamisha kweli. Kwenye ramani yangu! Luhiri ulikuwa unashuka kutoka Tengwa, unapita katikati ya Vizemba, unaingia Ghuba ya Pweke pale penye mji wa Kitope. Sasa ukifika chini ya milima unakata kushoto, unapanda vilima vya Chavi kama mbuzi, unaingia baharini huko kaskazini kusikojulikana. Unapanda. Maji yanapanda. Kitope kimebaki kwenye mdomo wa mto usiokuwepo. Msitu wangu wa kando ya mto umesimama mkavu. Na mamba? Nimewapa mamba wa Kitope kurasa mbili nzima. Wataishi wapi sasa, kwenye chumvi?

Mtu mzima. Ana diploma ukutani. Hajui maji yanateremka.

Jumamosi, 16 Agosti

Nimemfuata kibandani. Nimesema yote, mbele ya wateja wake. Amecheka mpaka bisibisi ikamdondoka. "Mtani wangu umenuna? Wewe? Mzaramo kwa kununa!"

Hapo ndipo kaninyamazisha. Yeye Mnyamwezi wa Tabora, mimi Mzaramo wa Kisarawe. Watani tangu enzi za misafara, kabla babu zetu hawajazaliwa. Tangu siku ya kwanza hapa Maili Moja yeye ananiita mcheza ngoma na mimi namwita mpagazi, kila asubuhi, kabla ya chai. Nishachukua soda yake mezani nikanywa huku ananitazama. Alicheka tu, maana mtani hakasirikiwi. Ndiyo sheria, na sheria hiyo hakuitunga yeye.

Kwa hiyo nimekasirika na sina haki ya kukasirika. Hicho ndicho kinachonichoma zaidi.

Kasema kwenye ukurasa wa Saruwe, nchi niliyoichora nikiwafikiria Wanyamwezi wake, kaniachia nafasi nusu nzima, nimjibu. Nimeiona hiyo nafasi juzi, nikadhani ni uvivu. "Nitukane, mtani. Nakusubiri." Sikuandika hata neno. Nimefunga duka nikaenda nyumbani.

Jumapili, 17 Agosti

Nimefua. Nimepika. Bado nimekasirika. Wacha niandike sababu yenyewe, humu hakuna anayesoma.

Vizemba ni Vihingo. Ni shamba la ukoo wetu. Kila kisima nilichokichora nimekunywa maji yake. Baba mkubwa ndiye aliyekuwa ananizungusha mipaka nikiwa mdogo, ananionyesha jiwe hili, kisiki kile, hapa wamelala wakubwa zetu, usikanyage. Ulenge nzima imeanzia kwenye matembezi yale. Milima na majangwa nimeyaongeza baadaye ili Vizemba ipate majirani.

Na shamba limeuzwa. Kaka Shabani, mtoto wake Baba mkubwa, aliuza kipande cha kwanza kumcheza binti yake mwali. Maspika, ng'ombe, sare za kina mama wa kijiji kizima. Baba mkubwa alishaanza kuumwa, akakubali. Baada ya hapo vipande vingine vikafuata vyenyewe. Sasa kuna uzio wa waya, geti la bluu na mlinzi.

Kwa hiyo Maganga kaandika ukweli. Hajui. Sijawahi kumwambia, naona aibu. Na kitabu kitasomwa Arusha, Mwanza, hata Mombasa, na watu ambao si watani wetu, hawatudai wala hatuwadai neno lolote. Wataamini. Watasema hao ndivyo walivyo.

Nililihamishia shamba Ulenge kwa sababu Ulenge hakuna dalali. Sasa kaingia.

Jumatano, 20 Agosti

Nimemtumia ujumbe: ondoa yale maneno, rudisha mto. Kajibu kwa vile vikatuni vya kucheka hadi machozi. Vitatu kwa mpigo.

Nimetuma mwingine: ardhi ni yangu, naiondoa yote, achapishe sheria zake zikaelee hewani. Kajibu: "Umeanza kujibu sasa, safi." Anadhani ni utani! Kila ninachosema kinaonekana utani. Hata nikimpeleka mahakamani atasema mtani wangu leo amechangamka.

Faili linakwenda kwa mchapaji Ijumaa. Kasema ataniachia mpaka mchana niijaze Saruwe. Ibaki tupu hivyo hivyo.

Alhamisi, 21 Agosti

Baba mkubwa amefariki jioni hii. Mazishi kesho baada ya Swala ya Ijumaa. Mama analia chumbani. Nimebandika karatasi mlangoni mwa duka: tumefiwa. Tunaondoka alfajiri.

Ijumaa, 22 Agosti

Vihingo. Naandikia jikoni kwa Mama mkubwa, mjane wa marehemu, kila mtu kachoka.

Makaburi ya ukoo yako ndani ya uzio. Hakuna aliyelifikiria hilo wakati wa kuuza, au walilifikiria wakanyamaza. Wanaume wamekwenda na majembe hadi kwenye geti la bluu. Mlinzi kasema bila ruhusa ya bosi hafungui. Simu ya bosi haipatikani. Wamempigia mpaka jua likawa utosini. Mlinzi mwenyewe alikuwa anaona haya, katoa pole kwa kila mmoja, lakini geti hakufungua. Shabani alisimama nyuma ya wenzake anatazama viatu vyake.

Mzee aliyenionyesha mipaka yote hana pa kulala ndani yake. Nilitaka kupiga kelele. Nimemenya vitunguu.

Wamechimba nyuma ya nyumba, karibu na mkorosho wa mwisho uliobaki kwetu. Mengine kesho. Mkono unauma.

Jumamosi, 23 Agosti

Sasa la Maganga.

Alikuja. Sikumwita. Aliona karatasi mlangoni, akauliza watu, akapanda bodaboda mbili mpaka Vihingo. Nilimwona anaingia uani na vumbi hadi kwenye nyusi. Aliwapa wazee shikamoo zao mmoja mmoja, akauliza marehemu ni nani kwangu, akasema yeye ni Mnyamwezi. Wazee wakapokezana kwa furaha: mtani kaja, mtani kaja! Kama vile walikuwa wanamngoja yeye tu ili msiba uwe msiba.

Nikajua anachokwenda kufanya: kutania msibani, kama mila inavyomruhusu mtani. Nilimkonyeza asifanye. Hakuniona.

Kaburi lilikuwa limekaribia kuisha. Maganga akamnyang'anya mchimbaji jembe, akakaa juu ya udongo, akaanza kulia kwa sauti kubwa ya uongo. Hatoki hapo mpaka apewe jogoo. Watu wakaanza kucheka. Akamlaumu marehemu kwa kuondoka bila kumwachia kanzu. Wakacheka zaidi. Kisha akanyoosha jembe kuelekea kwa wenye msiba akasema: "Wazaramo nyie, shamba mmelichezea ngoma lote, ndiyo maana mnamzika mzee jikoni!"

Kimya.

Si kile kimya cha kupumzika baada ya kicheko. Hata kuku waliacha kuparura. Shabani aliinua uso, kisha akauinamisha. Maganga alitazama huku na huku, akaona uzio kule nyuma, akaona geti. Nilimwona anaelewa. Jembe lilishuka taratibu mpaka likagusa chini. Niliona aibu kwa niaba yetu na kwa niaba yake, na pia, sifichi, nilifurahi kidogo. Sasa na wewe umejua, nikasema moyoni.

Ndipo sauti ikatoka dirishani. Mama mkubwa. Alikuwa ndani na kina mama, ameshaanza eda, haonekani, sauti tu. Hakuipandisha hata kidogo.

"Mpagazi! Inama hapo. Tutamzika mgongoni kwako, umbebe mpaka Tabora. Si ndiyo kazi mliyozaliwa nayo?"

Uani pote pakalipuka. Wazee walishikana mabega. Mama yangu, aliyekuwa halali wala hali tangu juzi, alicheka mpaka kanga ikamvuka kichwani. Shabani alicheka huku analia, na akaachwa alie. Maganga aliinama kweli, akapiga magoti mbele ya dirisha na mgongo wake juu. Wakampa jogoo. Akalirudisha jembe kaburini, na akachimba mwenyewe mpaka mwisho.

Nami nilicheka. Nilikuwa sijamsamehe, na nilicheka.

Jumatatu, 25 Agosti

Nimerudi dukani. Maganga kaja kabla sijafungua. Hakuniita mcheza ngoma. Kasema pole, kasema hakujua habari za shamba, kasema faili hakulipeleka Ijumaa. Nimemwacha asimame muda mrefu.

Kisha nimemwambia, bila kelele. Kwamba pale msibani alimsema mtu mwenye dirisha, na dirisha likajibu. Kitabuni amewasema watu ambao hawana hata mdomo, mbele ya wageni, halafu akafunga kitabu. Huo si utani. Huko ni kusengenya. Yeye Mnyamwezi anajua tofauti kuliko mimi, na kwa hilo nimemkasirikia kama mtu, si kama mtani.

Kasema, "Lakini nilikuachia nafasi, Zuhura."

Nimemwambia nafasi aliiacha Saruwe, kwake. Kwenye Vizemba hakuacha hata mstari.

Kaondoka anajikuna kichwa. Mto sikuutaja. Mto ni ujinga tu, hauna maelezo.

Alhamisi, 28 Agosti

Umeme upo. Wateja wachache.

Maganga kaleta faili jipya. Luhiri umerudi mahali pake, unateremka, unafika Kitope. Maneno yake kayafuta yote. Vizemba iko kama nilivyoiandika mimi.

Nimeisoma mara kadhaa. Vilima, mikorosho, visima. Ni nzuri. Ila hakuna mtu ndani yake. Nilikuwa sijawahi kuliona hilo. Kurasa zote zile, na hakuna anayecheka, hakuna anayemjibu mwenzake.

Nimeyarudisha maneno, yote isipokuwa ya mto. Juu yake nimeandika: Wasaruwe husema. Chini yake nimeandika: Wavizemba hujibu. Nikaweka jibu la Mama mkubwa, nikageuza majina tu. Kabla ya kuandika nilimpigia kumwomba ruhusa. Kauliza kama wasomaji watajua kwamba yeye ndiye aliyeshinda. Nimesema watajua.

Maganga kasoma, kaongeza sheria moja kwa kalamu yake: Msaruwe na Mvizemba wakikutana njiani hawarushi dadu. Wanatukanana, na wa kwanza kununa anabeba mizigo. Nimeikubali.

Alipoondoka nimeivuta ramani karibu. Mashariki ya Vizemba, mahali penyewe hasa, nimechora makaburi. Baba mkubwa nimemweka katikati ya wenzake. Kisha nimechora njia kutoka mlangoni kwa Mama mkubwa mpaka pale. Haina geti.